Sprei imetoka na chenga kwenye modeli: upige msasa au uvue rangi yote?

Hizi chenga, yaani vipunje vya rangi vinavyokwaruza juu ya modeli (kisanamu kidogo cha kupaka rangi), zinatokea rangi ikianza kukauka hewani kabla haijafika kwenye modeli, mara nyingi umepulizia toka mbali sana au kuna joto kali, na ukishaziona usipulize tena juu yake ukidhani zitafunikwa, hazifuniki, zinanenepa tu.

Msasa ndo njia ya haraka. Acha ikauke kabisa, chukua msasa laini namba 1000 kwenda juu, ulowanishe kidogo usugue taratibu. Kwenye joho, ngao, mabawa, sehemu yoyote pana inatoka safi. Ila usoni, vidoleni, kwenye minyororo, huko msasa hauingii na ukilazimisha unakula vile vialama vidogo ambavyo ndo uzuri wenyewe wa modeli.

Kuvua yote inachosha lakini mi ndo naiamini zaidi chenga zikishafika usoni. Modeli ya plastiki unailoweka kwenye alkoholi ya isopropili halafu unasugua na mswaki laini, unarudia, unarudia mpaka mikunjo yote ionekane. Ya rezini (plastiki ya kumimina kwenye kalibu) usiiache humo muda mrefu maana inaweza kulainika, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Na tafadhali asetoni kaa nayo mbali, plastiki inayeyuka na hapo hamna cha kuokoa. Vaa glavu, fungua madirisha, moto usiwe karibu. Supaglu nayo inaweza kuachia, mkono wa modeli ukidondoka usishtuke, osha modeli, ikikauka uubandike tena.