Uzoefu wangu: kuweka kambi na familia ufukweni Ushongo wakati wa likizo ya Desemba

Likizo ya Desemba 2024 tuliamua kutokwenda hotelini. Tulikodi viwanja vya kuweka mahema katika kambi moja iliyoko Ushongo, kusini ya mto Pangani, tukakaa hapo tangu mkesha wa Krismasi hadi Mwaka Mpya ulipokwisha kuingia: mimi na mume wangu, watoto wetu, mama yangu mzazi, pamoja na familia ya mdogo wangu iliyoshuka kutoka Arusha. Jina la kambi sitalitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko mawili matatu ambayo nimekwisha kuwafikishia wenyewe. Hata hivyo kambi na hoteli ndogo za aina hii ziko kadhaa katika ufukwe ule, na ninayoyaeleza yatamfaa yeyote anayetaka kwenda huko na watoto na wazee katika msimu ambao kila mtu naye anataka kwenda.

Kilichonifanya niipe kambi hii alama nzuri ni jambo ambalo halimo kabisa kwenye tangazo lao. Nilipopiga simu mwezi wa Septemba kuulizia nafasi, dada aliyepokea hakuanza na bei wala idadi ya watu, bali aliniuliza, "Dada yangu, mnakuja kuogelea au mnakuja kwenda Maziwe?" Nikamjibu kwamba tunataka yote mawili, kuogelea na kwenda Maziwe, lile fungu la mchanga lililoko baharini, hasa kwa ajili ya watoto. Akanyamaza kidogo, nikasikia anafunua kalenda, kisha akasema, "Basi msije siku mbili tatu mkaondoka. Njooni wakati wa maji mafu, mkae mpaka bamvua." Nimezaliwa Tanga na maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni kwa wajomba zangu wavuvi, lakini sikuwahi kumwona mtoa huduma ya utalii akimpangia mgeni safari kwa hesabu hiyo, na baada ya kuiona kazi yake nadhani ndiyo hesabu pekee inayostahili kutangulia.

Kwa wasomaji wa bara, naomba nieleze kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu hii kujaa huko huangukia karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, wakati kupwa huangukia karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita meta 3, na kwa kuwa ufukwe wa Ushongo umelala bila mteremko mkali, mtu anayeamka asubuhi ya bamvua na taulo begani hukuta bahari imekimbilia mbali, mbele yake mchanga uliolowa, majani ya bahari na vidimbwi vyenye kaa wadogo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, hayapwi mbali, na watoto wanaweza kuoga bila kutembea robo saa kuyafuata. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo anayejua leo maji yamejaa saa ngapi anaweza kuipanga wiki nzima bila kuhitaji intaneti, ambayo kwa kweli pale kambini ilikuwa ya kubahatisha.

Mwaka ule mwezi ulikuwa nusu usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba na ukaandama usiku wa kuamkia tarehe 31, hivyo Krismasi yetu iliangukia mwishoni mwa maji mafu na Mwaka Mpya ukaangukia bamvua. Siku ya Krismasi watoto waliingia majini baada ya chai wakatoka adhuhuri kwa kulazimishwa. Kufikia mkesha wa Mwaka Mpya asubuhi zilikuwa kavu, na hapo ndipo tulipokwenda Maziwe.

Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, na limekuwa hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa hasa chenye miti ya mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi, lakini kufikia miaka ya 1980 mawimbi yalikuwa yamekwisha kuila ardhi na miti yote ikatoweka. Leo mchanga huo huonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa, na mayai ya kasa yanayotagwa pale huokolewa kwa kuhamishiwa ufukwe wa bara. Ndiyo maana swali la yule dada lilikuwa na uzito: ukiletwa Maziwe kwa saa isiyofaa unalipia boti na kiingilio cha hifadhi, kisha unakuta mchanga ni mdogo au haupo kabisa. Sisi tuliondoka kambini mapema asubuhi, tukakuta mchanga mweupe umeinuka wote, na nahodha akatupa muda mpaka maji yalipoanza kurudi. Alipoona mama yangu hataki kuondoka, alimwambia kwa upole, "Bi mkubwa, maji haya hayana salamu, tupande." Ndani ya muda mfupi baada ya boti kung'oa nanga, sehemu tuliyokuwa tumetandika mkeka ilikuwa chini ya maji.

Boti ilikuwa na jaketi okozi za kutosha, zikiwemo za watoto, na hili nililihakikisha kabla ya kulipa kwa kumvalisha mwanangu wa mwisho na kuifunga mwenyewe. Dosari ilikuwa kivuli. Fungu lile halina hata jani, na jua la Desemba linapopiga juu ya mchanga mweupe huunguza hata chini ya kofia. Kambi huahidi turubai na miti minne ya kulisimamishia, lakini siku yetu turubai lilikuwa limechukuliwa na kundi lililotutangulia. Tulijistiri kwa khanga mbili na makasia. Anayekwenda aulize turubai kwa jina, siku moja kabla, na ikiwezekana alione.

Nirudi kambini. Kiwanja chetu kilikuwa chini ya mivinje, juu kabisa ya mstari wa majani makavu ambayo bamvua huyaacha ufukweni, na mlinzi hakuturuhusu kusogea mbele hata meta chache ili tupate mandhari nzuri zaidi. Wageni wa kiwanja cha jirani walibishana naye, wakasogea, na alfajiri moja kuelekea Mwaka Mpya niliwasikia wakiburuta magodoro. Vilevile alitukataza kuweka hema chini ya minazi hata pale penye kivuli kizuri, kwa sababu nazi haichagui kichwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki miezi hiyo, na alitusaidia kuelekeza milango upande huo, jambo ambalo lilifanya usiku uvumilike. Mchana ni habari nyingine: baada ya saa mbili asubuhi hema ni tanuri, na asiyekubali kuishi nje chini ya mti mpaka jua litue asichukue hema, achukue banda la makuti.

Mama yangu alipewa banda. Tulilipa zaidi kwa ajili yake na sijutii hata shilingi moja, kwani mzee mwenye magoti hawezi kuinama na kutambaa kuingia hemani kila anapohitaji kwenda msalani usiku.

Kuhusu bei, hapa ndipo pana mjadala. Siku za kawaida mtu mzima hulipa shilingi 20,000 kwa usiku akiwa na hema lake, na mtoto nusu yake. Katika wiki mbili za sikukuu mtu mzima alilipa 35,000, na kianzio cha nusu kililipwa kwa simu miezi mitatu kabla. Siwalaumu kwa kupandisha, kwa kuwa msimu ni msimu, lakini kwa bei hiyo walipaswa kupunguza msongamano, nao wakafanya kinyume chake: tarehe 29 walipokea kundi kubwa la vijana lililokuja na spika zake, likapangwa katikati ya familia. Muziki ulizimwa saa sita usiku kama sheria zao zinavyosema, ila kwa mwenye mtoto mchanga saa sita ni usiku wa manane. Meneja aliomba radhi na kuahidi kwamba mwaka unaofuata vijana watatengewa upande wa kusini.

Chakula tulijitegemea. Tulinunua mchele, unga, vitunguu, nazi na mkaa katika soko la Mgandini kabla ya kuondoka Tanga mjini, kwa kuwa maduka ya kijijini huishiwa upesi katika siku hizo, na samaki tukawanunua pale pale ufukweni wavuvi wanapopandisha ngalawa. Siku za mwanzo tulipata changu na kolekole kwa bei ambayo sikukuu ilikuwa imeipandisha. Bamvua ilipoingia pweza wakawa wengi, maana maji yakipwa watu hutembea kwa miguu mpaka mwambani kuwatafuta, na bei ikashuka. Jiko la pamoja lina mafiga matatu na sinki moja, ambalo ni dogo mno kwa kambi iliyojaa. Tulizoea kupika mapema, chakula cha mchana kikiwa tayari kabla wenzetu hawajawasha moto. Barafu huletwa kutoka Pangani mjini na huisha kabla ya saa nne, hivyo mwenye dawa inayohitaji ubaridi apange na mapokezi mapema.

Maji ya kunywa tulikwenda nayo kwenye madumu. Ya kisima cha kambi yana chumvi, yanafaa kwa kuoga na kuoshea vyombo, ingawa sabuni haitoi povu na nywele za mabinti zilihitaji kusuuzwa kwa maji ya dumu yasiyo na chumvi. Wakati wa magharibi, upepo unapotulia, usubi hutoka upande wa mikoko na huuma kuliko mbu. Mafuta ya kupaka, suruali ndefu na chandarua chenye dawa ndani ya hema ni vitu vya lazima. Watoto wavae yeboyebo majini, kwa sababu kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni.

Jambo lililonifurahisha ni jinsi walivyo wakali kuhusu taa. Baada ya saa mbili usiku hakuna taa nyeupe inayoruhusiwa kuelekezwa baharini, kwa sababu kasa huogopa kupanda kutaga penye mwanga, na vifaranga wanaoanguliwa hupotea kwa kufuata taa badala ya bahari. Hatukubahatika kumwona kasa. Lakini mkesha wa Mwaka Mpya haukuwa na mwezi, na kwa sababu ya sheria hiyo watoto wa Arusha na wa Tanga walilala chali mchangani wakihesabu nyota mpaka wakapitiwa na usingizi.

Njia. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilometa 50, kisha sisi tulivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, na kutoka hapo kama kilometa 15 kufika Ushongo. Mkesha wa Krismasi foleni ya magari kivukoni ilikuwa ndefu. Tuliwashusha wazee na watoto wakavuka kwa miguu na kutusubiri kivulini ng'ambo, na muda uliobaki mume wangu aliutumia kuwasimulia wakubwa kidogo habari za Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani ulioanzia mji huo huo wa Pangani mwaka 1888 na kunyongwa hapo Desemba ya mwaka uliofuata. Wanaotoka Dar es Salaam hupita Chalinze na Segera mpaka Muheza, na kutoka Muheza ipo barabara inayoshuka moja kwa moja Pangani. Waulize hali yake mvua za vuli zikichelewa kukatika.

Je, ningewashauri watu waende wiki ya Krismasi? Kwa mwenye ruhusa kazini ningesema aende wiki ya pili ya Desemba, shule zikiwa zimekwisha kufungwa, bei ikiwa bado ya kawaida na kambi ikiwa nusu tupu, akubali tu kwamba mvua moja mbili za vuli zinaweza kumkuta. Asiye na ruhusa na atazame mwezi. Mwaka 2026 mwezi utakuwa mpevu tarehe 24 Desemba, kwa hiyo Krismasi itakuwa ya bamvua: Maziwe asubuhi, kuoga jioni, na mahema yawe juu kabisa. Maji mafu yatarudi kuelekea Mwaka Mpya.

Lalamiko langu kubwa ni vyoo. Ni visafi asubuhi, kijana anayevihudumia anafanya kazi kwa bidii, lakini tenki ni moja kwa kambi nzima na kuanzia tarehe 29 lilikuwa likikauka kabla ya jua kutua, tukawa tunachota maji kisimani kwa ndoo usiku. Nilimwambia meneja ana kwa ana, akanionyesha msingi wa zege uliokwisha kumwagwa kwa ajili ya tenki la pili. Nikipiga simu ya kuweka nafasi tena nitaomba picha ya tenki hilo likiwa juu ya msingi wake kabla sijatuma kianzio.