Miaka miwili na Glock 43X: nilichonunua kwanza na nilichopaswa kununua kwanza

Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani kaskazini mwa Texas, zamu ya usiku. Mwajiri wangu hataki silaha ndani ya nyumba ya mgonjwa, na mimi naafikiana naye. Kwa hiyo bastola yangu huvaliwa na kuvuliwa mara nne hata tano kwa siku: natoka nayo nyumbani, naiacha garini, naivaa tena nikisimama kujaza mafuta saa nane za usiku, kisha naivua. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoamua karibu kila nilichonunua. Anayevaa asubuhi na kuvua wakati wa kulala huenda akachagua vingine.

Yenyewe ni Glock 43X MOS (yaani juu imekatwa tayari kwa kufungia kilengeo) ya milimita 9, magazini ya risasi 10. Ni nyembamba, na bila magazini haifiki nusu kilo. Iligharimu karibu dola 500, na siku hiyohiyo nikachukua holsta ya kitambaa ya dola 20 nikijiambia kwamba holsta ni mfuko tu.

Kwamba si mfuko tu, nilijifunza kwenye darasa la shabaha. Ukichomoa bastola, mdomo wa holsta ya kitambaa unajifunga. Kuirudisha inabidi uupanue kwa mkono wa kushoto, maana yake unapitisha vidole vyako mbele ya mtutu. Mara ya tatu mwalimu alinishika kiwiko akaniambia nisimame hivyohivyo, nitazame chini. Pindo la fulana yangu lilikuwa limejikunja likaingia na bastola, karibu kabisa na kifyatulio. Chemba ilikuwa tupu siku hiyo, ila mikono ilinitetemeka hadi nafika nyumbani. Glock ina kinga tatu zinazojifanyia kazi zenyewe dhidi ya kujifyatua ikianguka, lakini haina kitufe cha kufunga kwa kidole gumba. Kitu chochote kikibonyeza kifyatulio, kinafyatua. Kinachozuia kitu hicho kisifike ni holsta.

Sasa natumia holsta ya Kydex, plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe. Mdomo unabaki wazi, kifyatulio kimefunikwa chote, na bastola ikikaa sawasawa unasikia "tak". Ina kijino cha pembeni kinachosukumwa na mkanda ili kuuvuta mpini uegemee tumbo, na kwa ndani nimebandika kipande cha sponji kinachosukuma mtutu nje kidogo ili mpini ulale. Vitu viwili vidogo hivyo vilificha bastola kuliko shati lolote kubwa nililowahi kununua. Lakini kilichonifanya nilipe dola 95 bila kusita ni vishikizo vyake vya kubonyeza: naivua holsta nzima, bastola ikiwa ndani, kifyatulio hakionekani hata sekunde moja. Kwa mtu anayevua mara tano kwa siku, hapo ndipo usalama ulipo.

Mkanda nao niliudharau. Wa ngozi wa kawaida ulipinda, bastola ikalala kwa nje, na mke wangu akanivuta pembeni nje ya kanisa: "Baba Neema, shati lako linasema." Nikanunua mkanda mgumu wa bastola, dola 70, usio na matundu, una meno ya ndani, unakaza au kulegeza kwa milimita chache. Nikikaa kwenye usukani nalegeza jino moja, nikisimama nakaza. Maumivu ya nyonga niliyokuwa nayapata kila wiki yaliisha.

Tochi ya kufungwa kwenye bastola: Streamlight TLR-7 Sub, lumeni 500, betri moja ya CR123A. Angalia boksi kabla ya kulipa, kwa sababu zinatengenezwa tofauti kwa kila aina ya reli (sehemu ya chini ya mtutu ya kufungia tochi), na ya bastola ya SIG P365 haiingii kwenye 43X. Naipenda, kwenye maegesho yenye giza nataka kumtambua mtu kabla ya kufikiria lolote, ingawa kwa kutazamatazama tu natumia tochi ya mkononi, maana ya kwenye bastola inaelekeza mtutu kila inapomulika. Kosa langu lilikuwa mpangilio. Niliifunga baada ya kununua Kydex ya kwanza, nayo ikakataa kuingia, kwa kuwa holsta hutengenezwa kwa bastola na tochi yake pamoja. Amua kuhusu tochi kwanza.

Kilengeo cha nukta nyekundu nilikiongeza mwaka wa pili, Holosun 507K. Macho yangu yana kasoro inayofanya nukta ionekane kama imechapwa kidole ikiwa bado mbichi. Duara linaloizunguka nukta kwenye kilengeo hiki linanisaidia zaidi ya nukta yenyewe. Nilikifunga mwenyewe bila gundi ya skrubu, na baada ya risasi kama mia mbili shabaha ikaanza kuhamia kushoto. Sasa kimefungwa kwa gundi hiyo na spana inayopima nguvu ya kukaza, na nimepaka mstari wa rangi ya kucha juu ya kila skrubu. Mstari ukikatika, najua skrubu imezunguka. Wiki za kwanza utaitafuta nukta usiione. Dakika kumi kila siku za kuchomoa bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine, ndizo zilizonizoeza.

Magazini ya chuma ya risasi 15 kutoka kampuni nyingine niliijaribu, pamoja na kishikizo cha chuma cha kuishikilia ndani ya bastola, kwa sababu kishikizo cha kiwandani cha plastiki huliwa na magazini ya chuma. Yangu ilikwama mara tatu siku moja. Nimerudi kwenye za Glock.

Kifyatulio sijakigusa wala sitakigusa. Kile cha kiwandani kinavutwa kwa uzito wa karibu kilo 2.5, na kitu kinachokaa kimeelekea paja langu sitaki kiwe chepesi zaidi ya hapo.

Cha mwisho hakivaliwi: kisanduku cha chuma chini ya kiti, kimefungwa kwa waya wa chuma kwenye mguu wa kiti. Sheria ya Texas inaniruhusu kuacha silaha kwenye gari langu lililofungwa hapo kazini, na yeyote mwenye bango la 30.06 mlangoni (kifungu cha sheria kinachomzuia mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa), au baa yenye bango jekundu la asilimia 51 (inayopata angalau kiasi hicho cha mapato yake kwa pombe ya kunywewa hapohapo), ananirudisha garini vilevile. Nilinunua kisanduku hiki mwezi wa nane wa kubeba bastola. Miezi saba kabla yake ilikuwa inalala kwenye droo ya dashibodi, na Neema ana miaka sita.