Adapta za lenzi za zamani kwenye kamera za mirolesi: ipi uanze nayo, ipi uikimbie

Kabla hujatuma hela ya adapta (ile pete ya kuunganisha lenzi ya zamani na kamera mpya ya mirolesi, yani isiyo na kioo cha ndani) kwa mtu yeyote, geuza hiyo lenzi yako uiangalie mgongoni. Kama ina nyuzi za kuzungusha kama boliti mara nyingi hiyo ni M42, maunti (sehemu ya lenzi kushikana na kamera) ya Zenit, Praktica na zile Pentax Spotmatic za zamani. Kama juu ya pete ya apecha (tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi) kuna kichuma kimekaa kama masikio mawili, hiyo ni Nikon F. Kama mgongoni kuna pete ya chuma inang'aa na inazunguka peke yake ni Canon FD ya mwanzo, zile FD zilizokuja baadae unazungusha lenzi yote kwa pamoja.

Nakwambia uanzie hapo kwa sababu mi adapta yangu ya kwanza kabisa niliagiza ya Pentax K, kisa lenzi yangu ilikua imeandikwa Super-Takumar na nikasoma sehemu kwamba Takumar ni Pentax. Kweli ni Pentax, ila ya nyuzi, M42. Nimekaa mwezi na nusu nasubiri mzigo, umefika, najaribu haiingii, nikabaki naiangalia tu kama mtu aliyeuziwa ndala mbili za kushoto.

Sasa hizi adapta nyingi ni pete tupu, ndani hamna kioo cha lenzi, hamna waya, hamna chipu. Watu wanashangaa pete tupu inafanyaje kazi. Kamera za SLR za filamu na ndugu zao za dijitali, DSLR, zina kioo kama cha kujitazamia kinachopiga juu na chini mbele ya filamu au sensa (kile kipande kinachonasa picha), kwa hiyo lenzi ilibidi ikae mbali: M42 ni milimita 45.46 toka maunti mpaka kwenye filamu, Nikon F 46.5, Canon FD 42. Mirolesi hicho kioo hakipo, lenzi inakaa karibu: Sony E ni 18, Fuji X 17.7, Nikon Z 16, Canon RF 20. Toa 18 kwenye 45.46 unapata 27.46, na huo ndo urefu wa adapta ya M42 kwenda Sony, basi, hamna uchawi mwingine. Ndo maana pia wenye lenzi za FD waliteseka miaka mingi, maana Canon walivohamia EF mwaka 1987 waliweka milimita 44, yani lenzi ya FD ukiiweka kwenye DSLR ya Canon inakaa mbali kuliko inavotakiwa na haioni mbali mpaka uweke adapta yenye kioo cha lenzi ndani, na hicho kioo kinachafua picha. Mirolesi ndo zimezifufua.

Ila hiyo hesabu ya 27.46 ikikosewa kidogo tu ndo matatizo yanaanza, na hapa ndo tofauti ya adapta ya bei ya kutupa na adapta ya maana ilipo. Pete ikizidi urefu kwa milimita 0.1 tu, lenzi ya 50mm mwisho wake wa kuona unakua kama mita 25, ukitaka kupiga mlima au mwezi haifiki. Lenzi ya 28mm ndo kabisa, mwisho wake ni kama mita 8! Watengenezaji wanalijua hilo kwa hiyo makusudi kabisa wanaikata fupi kidogo, ndo maana ukizungusha mpaka mwisho unapitiliza infiniti (fokasi ya vitu vya mbali kabisa) na picha inakua na ukungu. Hiyo sio kasoro ya kurudishia mzigo, we rudisha pete nyuma kidogo. Kasoro ni ile isiyofika. Mi kupima naenda nazo ufukweni mchana, kuna meli zinasubiri kuingia bandarini zimepaki mbali kule, nafungua apecha yote nafokasi kwenye meli nakuza kwenye skrini. Meli ikionekana kali, adapta imepita.

Haya, mpangilio wangu. Mi natumia Sony a6000 (sensa ndogo, APS-C) na mwaka juzi nikaongeza a7 II (sensa kubwa, fulfremu) ya mkono wa pili, kwa hiyo mifano mingi ni ya Sony ila mambo ni yale yale kwa Fuji na Nikon Z.

Namba moja, pete ya kawaida ya bei ya kati. Hapa namaanisha K&F Concept au Urth (zamani wakiitwa Gobe), unacheza kwenye dola 20 mpaka 40 hivi kutegemea maunti, usisahau usafiri na kodi ukiagiza nje. Hii ndo ya kununua kwanza na kwa watu tisa kati ya kumi ndo ya kununua mwisho pia. Inakaza, inafika infiniti, shaba na alumini yake haimenyeki haraka. Kwenye M42 kuna kitu cha kuangalia ambacho wauzaji hawakwambii, ni ule ukingo wa ndani. Lenzi nyingi za M42 zina kipini kidogo mgongoni, kipini kisipobonyezwa apecha inabaki wazi hata ukizungusha pete mpaka 16 (namba ndogo kama f/2 ni tundu wazi, kubwa kama f/16 ni tundu dogo). Super-Takumar ina swichi ya A (yenyewe) na M (kwa mkono) pembeni kwa hiyo unaweka M unasahau. Helios 44-2 haina hata hicho kipini, apecha yake unaifunga mwenyewe kwa pete. Ila Helios 44M-4 kwenda juu swichi waliitoa, kwa hiyo bila adapta yenye ukingo unaobonyeza kipini utapiga f/2 maisha yako yote. Ukitaka usijiulize maswali agiza yenye ukingo.

Jambo lingine dogo la M42, kwa kua inaingia kwa nyuzi, ikimaliza kukaza namba zinaweza zikaishia pembeni au chini kabisa, unafokasi huku umeinamisha kamera kama unachungulia mvunguni. Baadhi ya hizi pete zina viskrubu vidogo pembeni, vilegeze, zungusha namba zije juu, kaza. Dakika mbili.

Kwa Canon FD adapta inakua na pete yake yenye maandishi ya kufunga na kufungua, usipoizungusha baada ya kuvalisha lenzi apecha haitii. Nimeshaona mtu anauza FD 50mm f/1.4 kwa bei ya kutupa akisema apecha imekufa, haikufa, pete ilikua upande usio wenyewe. Niliinunua. Sikumwambia. (Ndio najua.)

Nikon F usinunue pete ya kawaida kama lenzi yako ni ya G, zile zisizo na pete ya apecha, chukua adapta ya G yenye pete yake. Na wenye Canon EF, mfano ile 50mm f/1.8 STM ya DSLR, hii makala haiwahusu, apecha yake ni ya umeme na hata fokasi yake ni ya umeme, pete tupu itakupa kipande cha mzigo tu. Nyie tafuteni adapta za umeme.

Namba mbili, spidi busta, na hii ni kwa wenye sensa ndogo, APS-C au Maikro Fo Thedi, peke yao, mwenye fulfremu (sensa ya ukubwa wa filamu) ruka aya hii. Tatizo ni krop, sensa ndogo inakata kingo za picha, kwa APS-C ya Sony ni kama mara 1.5, kwa hiyo Helios 58mm kwenye a6000 inakua kama 87mm, ndani ya sebule ya kibongo ukitaka kupiga watu watatu kwenye kochi unatoka mpaka kwenye koridoo. Spidi busta ina vioo vya lenzi ndani vinavyobana picha iingie kwenye sensa ndogo, iliyozoeleka zaidi ni mara 0.71, yani 1.5 mara 0.71 unarudi karibu kabisa na fulfremu. Na mwanga nao unabanwa pamoja, unaongezeka stopu moja (yani mara mbili), f/2 inakua f/1.4. Metabones ndo walioileta kwa wapigapicha wa kawaida mwaka 2013 na bado ni wazuri kuliko wote ila bei yake ni ya kamera nzima ya mkono wa pili. Zhongyi Lens Turbo II ni nafuu sana na mi ndo ninayotumia, kona zinalegea kidogo ukiwa f/2, kwenye picha za watu nani anaangalia kona. Zile za bei ya chini zaidi zina ugonjwa wa doa la bluu katikati ya picha ukifunga apecha na kuna taa mbele yako, kwa hiyo harusi za usiku utalia. Nimeiweka ya pili na sio ya kwanza kwa sababu moja tu, inafungwa kwa maunti moja. Ukiwa na Minolta na M42 na FD huwezi ukanunua busta tatu, kwa hiyo kwanza jua unapenda mfumo gani, pete ya kawaida itakufundisha hilo kwa hela ndogo.

Namba tatu ni pete za kifahari, Novoflex za Ujerumani na Metabones za kawaida zisizo na vioo. Ni pete tupu vile vile kwa bei ya mara tano. Zimechongwa kwa usahihi, hazichezi hata kidogo, ndani zimepakwa weusi usiorudisha mwanga. Je unazihitaji? Kwa 50mm hapana, sitaki hata kubishana. Kwa lenzi pana ya 24mm au 28mm hapo nakuelewa, rudi kwenye ile hesabu ya milimita 0.1 utaona lenzi pana ndo zinaumia, afu pete ikiinama kidogo upande mmoja wa picha unakua mkali na mwingine laini na utamaliza mwezi unailaumu lenzi. Lenzi ndefu nzito kama 200mm nayo inataka pete isiyocheza. Weusi wa ndani lakini unaweza kujitengenezea, nunua kipande cha mahameli nyeusi gundisha ndani ya pete ya bei ya kati, ule utandu wa kijivu unaokuja ukipiga kuelekea jua unapungua sana.

Namba nne, adapta za helikoidi. Hizi zinarefuka ukizungusha kwa hiyo lenzi inafokasi karibu zaidi. Nzuri kwa maua, pete za ndoa, chakula. Hasa lenzi za Leica M na zinazofanana nazo ambazo nyingi haziangalii chini ya sentimita 70, ukizipa helikoidi zinakua lenzi nyingine. Kwa SLR za zamani ambazo 50mm yake inafika sentimita 45 au 50 sioni haraka.

Namba tano, za otofokasi, Techart ndo jina lake. Ujanja wake ni kwamba adapta yenyewe ina mota inayosogeza lenzi nzima mbele na nyuma milimita chache tu, kwa hiyo lenzi ya mwaka 1965 inapata otofokasi. Inapokea lenzi za Leica M, na hapo hapo unaweza ukavalisha pete ya M42 kwenda Leica M juu yake. Nimeijaribu ya rafiki yangu, inachekesha kuiona Helios inajisogeza yenyewe. Lakini ni zaidi ya dola 300, mota haipendi lenzi nzito, na sio kila kamera inaikubali kwa hiyo lazima uhakikishe yako imo. Mi nauliza, kama unataka otofokasi kwa hela hiyo si ununue lenzi mpya yenye otofokasi? Kwa mtu ambaye macho yanamsumbua hapo sawa, ni sababu ya maana.

Kabla sijaenda kwenye ya mwisho, ukishavalisha kamera itakataa kupiga. Usipanik kama mimi niliyepeleka kamera nzima kwa fundi. Kamera haioni lenzi kwa hiyo inadhani hamna, ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kuruhusu ipige bila lenzi. Washa na ile pikingi inayopaka rangi sehemu zenye fokasi, ila usiiamini ukiwa f/1.4, hapo kuza picha kwenye skrini. Weka kamera kwenye modi ya A, mwanga itajipimia yenyewe. Kama mwili wa kamera una stabilaiza (ya kutuliza mtikisiko) ndani, kama a7 II, ingiza urefu wa lenzi kwa mkono, ukiacha 50 wakati umevaa 135 haitatuliza vya kutosha. Na kwetu huku pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, kabla hujanunua lenzi yenyewe washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie wa pili apecha ikiwa wazi, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, iache hapo hapo hata kama ni ya bure, na zako zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Ya mwisho, ya kukimbia, zile zisizo na jina kwenye kimfuko cha nailoni, dola 7 au 8. Sio kwamba zote mbovu, nimewahi kupata moja nzuri tu ya Minolta MD. Shida ni bahati nasibu. Nyingi zinacheza, unazungusha pete ya fokasi lenzi nzima inazunguka na adapta kwanza kabla fokasi haijaanza, na siku ya sendofu ya binamu yangu moja ilikwama kwenye kamera na lenzi ikiwa juu yake, nikapiga shughuli nzima kwa 135mm, kwa hiyo albamu yote ni nyuso tupu, hakuna anayejua gauni lilikua na urefu gani. Niliitoa kesho yake kwa bisibisi ya saa. Sasa hivi nimeziba upande mmoja kwa kifuniko cha kamera, naitumia kama kibakuli cha kuwekea skrubu nikifungua lenzi.