Darasa la chigongi Ilazo: hela yako iko kwenye dakika za mwisho

Tangu mvua zikatike nimekuwa nahudhuria darasa la chigongi, yale mazoezi ya Kichina ya pumzi na mwendo wa taratibu, linalofanyika kwenye ua wa nyumba moja pale Ilazo, Dodoma. Ni elfu tano kwa kipindi. Mnaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa moja na nusu mmemaliza, na wa Mtumba, kule kwenye ofisi za Serikali, wanakimbilia kazini. Wengi ni watumishi, na wamama wachache wastaafu ambao, niseme ukweli, wana pumzi kuliko sisi.

Mimi nilifuata usingizi. Awali nilikuwa najifunza kwa video, usiku nikishatoka kazini. Mikono inapata joto, mwili unachangamka, vizuri kabisa. Ila ule uchangamfu haukuwa na pa kwenda. Saa saba usiku niko macho, utosi unawaka, masikio yanavuma. Video nyingi nilizoziona zinaishia zoezi la mwisho, muziki unazimwa, basi.

Mwalimu wetu hakubali mtu aondoke hivyo. Kwa mafundisho ya Wachina, chi, yaani nguvu ya uhai mwilini, ikishaamshwa haiachwi izagae kichwani. Inashushwa dantiani, vidole vitatu hivi chini ya kitovu, na iliyozidi inatolewa kupitia nyayo. Robo nzima ya kipindi ni kazi hiyo tu.

Mnavua viatu. Ua haujasakafiwa, ni udongo wetu mwekundu, na asubuhi ya Julai unakuwa baridi kwelikweli. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, mabega yameachiwa. Kwanza mnajitikisa mwili mzima, mikono ikining'inia. Halafu linakuja zoezi la kufunga Baduanjin, ule mfululizo wa mazoezi manane: unainuka kwa vidole vya miguu, unaachia visigino vidondoke, mara saba. Mtikisiko unafika hadi kwenye meno. Siku ya kwanza mama mmoja alisema, "Mwalimu, magoti yangu haya hayataki vishindo." Akajibiwa, "Usidondoke, mama. Teremka taratibu, pumzi ndiyo ishuke."

Na kweli pumzi ndiyo yenyewe. Unaitoa polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, huku akili ukiiweka Yongquan, pale unyayo unapobonyea ukikunja vidole. Mwisho unaweka viganja juu ya kitovu, unatulia, unavisugua na kujipangusa uso. Siku mwalimu akiharakisha sehemu hii, mchana mzima najiona niko juujuu. Akiipa muda wake, nalala mapema na siamki hadi adhana.

Habari ya chi nawaachia wenyewe. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo, na mtu aliyekaa kwenye kiti siku nzima akikumbushwa kuwa ana miguu lazima apate nafuu fulani. Kwangu hiyo inatosha kulipia.

Yasiyonipendeza yapo. Jumatatu darasa hujaa, wanaochelewa kazini wanaanza kuchungulia saa, na cha kwanza kukatwa ni hiyo hiyo robo ya mwisho. Vumbi nalo, upepo wa Dodoma ukianza unafanya mazoezi huku umefumba macho kwa lazima. Bango la getini linaahidi kutibu presha na sukari. Hapo siungi mkono hata kidogo. Mwenye presha aendelee na dawa zake, asibane pumzi, na kama ni mjamzito au kisigino kinauma amwambie mwalimu kabla ya kuanza.

Ukitaka kujaribu, nenda Jumamosi. Hakuna anayekimbilia ofisini, kwa hiyo sehemu ya kushusha inafika mwisho wake. Beba ndala na kitambaa cha kufutia miguu, maana maji ya bomba pale leo yapo, kesho hayapo.