Fitingi yangu ya gesi ilivuja, wakaniuliza habari za pua

"Una uhakika ni gesi, mteja? Isije ikawa ni pua tu."

Hayo nimeambiwa na huduma kwa wateja nikiwa nimesimama nje, peku, mtungi nimeufunga, mlango nimeuacha wazi, moyo unanienda mbio. Namba niliyopiga sikuiokota barabarani. Waliiandika wao wenyewe kwenye tangazo lao: fitingi (kile kiungo cha shaba cha kufungia mpira kwenye mtungi) za matoleo fulani zinaweza kuvuja, acha kutumia, piga simu mara moja. Nimepiga mara moja, naulizwa habari za pua!

Vipimo vya hiyo fitingi siandiki, viko kwenye boksi. Niliinunua pamoja na mpira wake mwaka juzi, au kabla ya hapo, na kwa haki ya Mungu ilikaa muda mrefu bila neno. Ilifungwa, nikasahau kama ipo. Halafu jioni moja ikaja harufu ya yai viza, ikapotea, ikarudi.

Sasa kuhusu pua. Gesi yenyewe hainuki. Hutiwa dawa ya kunuka makusudi, ili mtu asiye na kifaa chochote ajue mapema kwamba kuna hatari. Machi 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyokuwa imejikusanya chini ya jengo bila mtu kunusa kitu. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto, na baada ya hapo Texas ikaweka sheria kwamba gesi itiwe harufu. Yaani pua ya mteja ndiyo king'ora alichopewa. Na anayelipwa kupokea simu za fitingi zinazovuja anaitilia shaka!

Tukaendelea. "Nisomee namba ya toleo." Iko wapi? "Imegongwa upande wa ndani wa nati." Wa ndani! Maana yake nirudi kwenye chumba kinachonuka gesi, nichukue spana, nifungue kiungo ambacho tangazo lao limesema kwa herufi nene nisikiguse. Nikamwambia hivyo, polepole, kama ninavyokuandikia hapa. Kimya. Kisha: "Basi tutumie picha." Picha ya nini, dada yangu, na namba iko ndani? Kimya tena. "Una risiti?"

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, hadi majirani wakachungulia.

Nikipoa naona labda ninamwonea. Alikuwa anasoma karatasi aliyopewa, ilisikika hata alipofungua ukurasa wa pili. Lakini tangu "karibu" hadi "asante kwa kupiga" hakuna mahali aliponiuliza kama nimefunga mtungi, wala kama kuna mtu amebaki ndani. Hakuniambia nisiguse swichi ya taa. Kuwasha taa au kuizima, yote mawili hutoa cheche. Risiti ilikuwa na sehemu yake kwenye karatasi, mimi sikuwa nayo. Kwa hiyo hapana, simwonei. Au namwonea yeye na aliyeandika karatasi anastahili zaidi, sijui, nina hasira bado.

Fundi wao alikuja baada ya siku kadhaa, na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniharibia malalamiko yangu. Alikuwa mtu kweli. Aliniuliza nilinusa wapi, nikamwonyesha karibu na kabati la juu. Akachuchumaa, akaweka pua karibu na sakafu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, akasema, inashuka na kutambaa chini, inajificha kwenye pembe. Ile inayopita kwenye mabomba ya mtaa ndiyo hupanda juu. Akafungua mtungi kidogo tu, akapaka povu la sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakaanza kuota pembeni mwa nati, madogo madogo, kama mate ya mtoto mchanga.

Kumbe shaba haikuwa na tatizo. Ndani kuna washa ya mpira, inaenea kwenye kidole cha mwisho, imevimba na kupasuka. Akaniambia huo ni mpira wa kufungia mabomba ya maji, gesi inautafuna taratibu. Tangazo liliita "kasoro ndogo". Nikakiri kwamba wiki ile niliikaza nati kwa spana nikidhani imelegea. Akatikisa kichwa: mpira uliopasuka haupoi kwa kukazwa, na ukizidisha unaweza kuipasua na nati yenyewe. Sawa, hilo ni kosa langu, niliandike nalo.

Akafunga fitingi mpya, akapaka povu tena, akangoja, akapaka tena. Ile ya zamani akaigeuza kwenye mwanga na kunisomea namba ya toleo. Imo kwenye orodha. Nilitaka kumpigia yule dada pale pale.

Nilianza kuandika ili niseme msinunue kabisa. Nimefuta. Fitingi mpya haijatoa harufu hadi leo, na kila jioni nachuchumaa kuhakikisha. Nilitaka hata kuwapa alama nzuri kwa ajili ya fundi, nikaona basi, yaishe.

Sasa alipokuwa anakusanya spana zake, akanidokeza kwamba na kwake imefungwa hiyo hiyo, toleo hilo hilo. Ameandikisha jina, yuko kwenye foleni, nyuma yangu. Fundi wao wenyewe! Nikamuuliza kama na yeye waliuliza habari za pua. Akacheka, akafunga zipu ya mkoba, akasema ana nyumba nyingine mbili kabla ya giza.