Canon 400mm f/5.6 ya mtumba, kwa anayeanza na buabua wa Sabaki

Lenzi hii haina zumu, haina mtambo wa kutuliza mtikisiko, na ilitoka mwaka 1993. Kwa sababu hizo wengi huipita bila kuigusa. Mimi niliilipia shilingi 70,000, mtumba, na kwa ndege wa baharini wanaoruka kasi sijaona nyingine ya bei hiyo ambayo ningebadilishana nayo.

Mjue kwanza naitumia wapi. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi vya mahoteli hapa Malindi, na asubuhi kabla wateja hawajaanza kupiga simu huwa niko mlangoni mwa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji. Msimu wa kaskazi buabua, ndege weupe wa baharini, hujaa kwenye mafungu ya mchanga: wakubwa wenye mdomo wa manjano, wale wa mdomo wa rangi ya chungwa, na buabua mdogo aitwaye Saunders, ambaye hata njiwa anamshinda umbo. Huyo wa mwisho ndiye mtihani. Anakata kona ghafla, anasimama hewani akipiga mbawa, kisha anajirusha majini kabla hujasema bismillahi.

Kwa ndege kama huyo uzito ndio kila kitu. Lenzi hii ina kilo 1.25. Lenzi ya zumu ya Sigma 150-600, ile nyepesi kati ya mbili, inakaribia kilo 2, na tofauti hiyo huwezi kuijua dukani. Utaijua mkono ukiwa juu kwa muda mrefu na ndege hawaishi kupita. Mimi nazungusha kiuno, mikono imebana mbavu, tripodi iko nyumbani.

Kuhusu mtikisiko: mtambo wa kutuliza hutuliza mkono wako, haumtulizi ndege. Buabua anahitaji spidi ya shata (muda wa kupiga picha) ya 1/2000 ya sekunde kwenda juu, mimi huweka 1/2500, na kwa spidi hiyo mkono ukitetemeka kidogo hauonekani. Kwa hiyo sikulipia kitu ambacho nisingekitumia.

Kwenye ubavu wa lenzi kuna swichi ya fokasi. Iweke kwenye mita 8.5 hadi mwisho, usiiguse tena. Ukiiacha kwenye mita 3.5, fokasi ikimpoteza ndege itarudi mpaka karibu kabisa kumtafuta, na ikifika kwake ameshavuka mto. Na kabla hata ya kumwinulia kamera, lenga kwanza fungu la mchanga lililo umbali ule ule. Ukifanya hivyo ndege anaingia kwenye tundu la kuchungulia akiwa tayari anaonekana, siyo ukungu mweupe. Kamera yangu ni Canon 70D, hutoa picha 7 kwa sekunde, na naiacha ifuatilie kwa kundi la pointi za fokasi za katikati, si zote 19.

Mwanga ndio unaowatesa wanaoanza, na hapo msiilaumu lenzi. Ndege mweupe akipita juu ya maji meusi ya mto, kamera hudhani kuna giza, huzidisha mwanga na kumwunguza manyoya yote yakawa meupe matupu. Akipita mbele ya anga, yale yale kinyume chake. Pima mwanga mwenyewe kwa mkono, hakikisha weupe wa kifua haujaungua, kisha uache hivyo hivyo hata mandhari ikibadilika. Pia simama na bahari mgongoni, ukitazama mtoni. Asubuhi ya kaskazi jua na upepo vyote vinatoka upande wa bahari, na buabua hupenda kuruka akiukabili upepo, kwa hiyo anakujia uso kwa uso akiwa amemulikwa vizuri. Wageni wengi huelekea baharini na kurudi na vivuli.

Kasoro zake ni za kweli. Jua likizama, f/5.6, yaani uwazi wake mkubwa kabisa wa kupitisha mwanga, haina msaada, na ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke bila mtambo wa kutuliza utapata picha za kubahatisha. Haijazibwa dhidi ya maji wala vumbi. Kile kikinga jua kinachochomolewa kutoka kwenye lenzi yenyewe ni kizuri, ila chembe za mchanga zikiingia pale utazisikia zikikwaruza. Pangusa kwa brashi laini kabla ya kukirudisha.

Ukienda kununua, ingiza tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, ondoka hata kama muuzaji atapunguza nusu. Unyevu wa pwani ninaujua kazini: hautoki wenyewe. Yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kipima unyevu kidogo. Kikipita asilimia 50 nabadilisha vifuko.

Kile kiongeza-urefu cha 1.4x kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, msikinunue kwa 70D. Kinapunguza mwanga wa lenzi hadi f/8 na fokasi ya kamera inakataa. Pesa hiyo ni afadhali kuiweka akiba ya kamera ya kisasa isiyo na kioo ndani (mirrorless). Rafiki yangu wa Watamu aliifunga lenzi hii kwenye Canon R7 yake, ya aina hiyo, kwa adapta, ikawa inashika jicho la ndege yenyewe, na kamera ile inatuliza mtikisiko ndani yake. Nimeshamwambia: siku akiichoka kamera hiyo, isifike Nairobi kabla haijapita kwangu.