Cartagena, Kolombia: matembezi ya mji wa kale, nawapa nyota 5

Wadau mkifika Cartagena chukueni matembezi ya mguu ya asubuhi, msisubiri mchana maana joto lake ni lile la Dar mwezi wa pili kabisa. Mwongozaji alitupitisha juu ya kuta za Wahispania halafu mitaa ya ndani, roshani za mbao zimejaa maua mpaka unagongana na watu kwa kuangalia juu. Kilichonishika moyo ni wale kina mama wa Palenque na mabeseni ya matunda kichwani, kijiji chao kilianzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa, nikanunua embe huku machozi yananilenga. Na arepa de huevo jamani, mahindi ya kukaanga na yai ndani, inachoma vidole! Maji tu hawatoi, beba yako.